Kundi la StarCraft Mtaani: Jinro alitisha au alibahatisha?

Baraka: Wadau, nimemaliza zile mechi za zamani za GSL, ligi ya Korea ya gemu ya kompyuta StarCraft II, msimu wa tatu, Novemba na Desemba 2010. Yule Mswidi, Jinro. Mgeni, yaani asiye Mkorea, wa kwanza kufika nusu fainali ya GSL. Naomba mnisamehe, ila mimi naona upepo tu ulimbeba. Wakorea walikuwa hawamjui.

Neema: Hawamjui vipi, na alikuwa akilala nyumba moja na Wakorea wa timu ya oGs?

Baraka: Hao walimjua. Wengine je?

Kaka Hamisi: Baraka ana hoja, ila kaishika kwa mkia. Mgeni asiyejulikana anapata nafuu mechi moja, mbili. Mpinzani hana video zake za kutosha kumwandalia mtego. Kufika raundi ya tatu kila mtu ameshamwona. Sasa angalia Januari 2011: mashindano yaliyofuata, Code S, daraja la juu la GSL, Jinro karudi nusu fainali. Kubahatisha hakurudii mlango uleule kwa muda mfupi hivyo.

Neema: 👏🏾

Baraka: Sawa kaka. Lakini ukiangalia zile mechi, kuna vita kapigwa vibaya kabisa.

Kaka Hamisi: Hapo ndipo watazamaji wengi hupotea. Kamera ya studio inafuata vita, kwa hiyo na wewe unahukumu vita. Mchezaji akiingia studio mara ya kwanza, kitu cha kwanza kuharibika si vita. Ni nyumbani. Macho yanaganda kwenye mapigano, mikono inasahau kujenga. Acha kuangalia katikati ya skrini, soma vile vidirisha vya pembeni: kinachojengwa, mapato, nguvu kazi.

Salma: Shikamoo kaka Hamisi. Mimi mgeni wa mambo haya, ni namba gani hasa niiangalie?

Kaka Hamisi: Marahaba mdogo wangu. Jinro anacheza Terran, jamii ya binadamu, kwa hiyo anza na depo, jengo la kuongeza nafasi ya jeshi. Moja ni madini 100 na inakupa nafasi ya watu 8. Kuijenga ni sekunde 30. Chukua kambi tatu za askari, moja ikiwa na kiongezo cha Reactor: hiyo inatoa askari wa Marine wawili kwa mpigo, nyingine mmoja mmoja. Jumla wanne kila sekunde 25. Ongeza SCV, vibarua wa Terran, kila mmoja sekunde 17. Nafasi 8 zinaisha kwa sekunde kama 36. Maana yake depo moja ikikamilika, inayofuata iwe imeshaanza au inaanza sasa hivi.

Salma: Na akichelewa?

Kaka Hamisi: Kila kitu kinasimama. Akikwama sekunde 25 kapoteza Marine wanne na SCV mmoja na kitu. Wale wanne hutawaona wakifa, kwa sababu hawakuzaliwa. Halafu dakika mbili baadaye anashindwa vita, mtangazaji anasema kajipanga vibaya!

Neema: Mimi huangalia Orbital Command, jengo kuu la Terran linalojaza nishati. Kila MULE, mashine ya muda ya kuchimba madini, inagharimu nishati 50, na kwa gemu ya wakati ule ilikuletea madini kama 270. Nishati 50 hujaa kwa sekunde kama 90. Ukibonyeza Orbital ukakuta 100, kasahau MULE moja. Ukikuta 150, mbili. Hiyo ndiyo kipimo changu cha woga, haidanganyi.

Baraka: Labda anaweka akiba ya skani, achungulie kwa adui.

Neema: Labda. Basi aitumie. Skani nayo ni 50, yaani kila skani ni madini 270 umeyachoma ili uone. Anayepiga skani na bado anakufa kwa kitu kilekile alichokiona, huyo ana tatizo la kichwa, si la mikono 😂

Baraka: Kibanda cha kioo anachokaa mchezaji je? Watu wanasema kibanda ndicho kinaua wageni.

Kaka Hamisi: Kibanda chenyewe kinasaidia. Kioo kinazuia kelele, na masikioni wanawekewa mvumo wa shhh kama redio isiyoshika stesheni ili wasisikie watu wakishangilia. Kinachosumbua ni vitu vidogo. Kompyuta ni ya studio. Kipanya, kibodi na pedi unakuja navyo, lakini kasi ya kipanya unaiweka upya, na programu yake ikigoma mkono wote unakwenda sivyo. Meza juu kidogo kuliko uliyozoea. Vidole baridi, ndiyo maana utawaona na vile vipakiti vya joto mkononi. Mechi ya kwanza ya mgeni ikiwa na mibofyo inayokosa, nisingehukumu. Ya tatu, nahukumu.

Baraka: Bado nina moja. Flash, Jaedong, Bisu, vigogo wa Korea, wote 2010 walikuwa bado Brood War, ile StarCraft ya zamani. StarCraft II ilitoka Julai 27 mwaka huohuo. Kila mtu alikuwa anajifunza.

Kaka Hamisi: Hilo nakupa, na ni zito kuliko la mwanzo. Waliohama kutoka Brood War na timu zao walikuja 2012, na ngazi ikapanda. Simweki Jinro na Serral, Mfini aliyempiga Mkorea Stats 4–2 kule Anaheim, Novemba 2018, akawa bingwa wa dunia bila kuhamia Korea. Wala simweki na yule Mkanada Guillaume Patry wa 2000.

Salma: Huyo alifanyaje?

Neema: Alichukua OSL, ligi kubwa ya Brood War kule Korea. Mgeni pekee aliyewahi. Na Brood War ile mikono inatoka jasho: unashika askari 12 tu kwa mara moja, na kila kibarua akizaliwa unampeleka mwenyewe kwenye madini. Usipompeleka anasimama hapo kama mgeni wa harusi asiyejua pa kukaa.

Salma: 🤣🤣

Baraka: Haya, nimerudi mechi ya kwanza ya Jinro, nahesabu depo kwa saa ya simu. Mbona haziingiani? Kambi inatoa Marine kwa sekunde 18, kaka ulisema 25.

Kaka Hamisi: Weka simu chini. Saa ya ndani ya gemu zamani ilikwenda mara 1.4 ya saa ya ukutani. 25 zake ni kama 18 zako. Namba zote nilizotoa ni za saa ya gemu.

Neema: Na zangu pia, zile 90.

Baraka: Kwa hiyo nianze upya.

Kaka Hamisi: Anza upya. Andika na dakika kila akikwama.

Baraka: Dakika ya 6 hii hapa, kakwama. Sekunde 4 za gemu.

Neema: Nne tu? Endelea.