Roboti ya muziki kwenye seva ya Discord: niangalie nini kabla ya kuchagua?

Mwangwi7
Wakuu, naomba ushauri. Seva yetu ya Discord ina chaneli mbili za sauti, moja ya michezo na nyingine ya kusoma na muziki wa chinichini. Nataka muziki upigwe kote kwa wakati mmoja. Roboti niliyoweka inahama kila ikiitwa upande wa pili, na nyingine inadai ruhusa ya msimamizi. Sauti nayo inakatikakatika. Nichague kwa vigezo gani?

FundiSauti
Mkuu, kuhama huko si hitilafu. Ndani ya seva moja, roboti moja hukaa kwenye chaneli moja tu ya sauti. Ukitaka chaneli mbili, alika roboti mbili tofauti, au chukua yenye nakala kadhaa, kama Jockie Music, ambayo kila nakala unaialika peke yake.

Ruhusa ya msimamizi usiitoe kabisa. Kupiga muziki kunahitaji kuona chaneli, kuandika ujumbe, kuambatisha viungo, kuingia kwenye sauti na kuzungumza. Basi. Tokeni (ufunguo wa siri ambao roboti huingilia Discord) ya roboti yenye usimamizi ikiibwa, mwizi anaweza kufuta chaneli zako na kufukuza wanachama. Kwenye ukurasa wa mwaliko ondoa tiki hiyo, kisha ipe roboti ruhusa kwenye chaneli husika tu. Ikigoma kufanya kazi, achana nayo.

Kigezo kikubwa kuliko vyote ni chanzo cha muziki. Roboti ya muziki ya Groovy ilifungwa tarehe 30 Agosti 2021, na nyingine, Rythm, ikafuata tarehe 15 Septemba mwaka huohuo, zote baada ya YouTube kuzitaka zisitishe huduma. Roboti inayotegemea chanzo kimoja inaweza kuzimika hivyohivyo, kwa hiyo tafuta inayopokea pia SoundCloud, Bandcamp, redio za mtandaoni na mafaili unayopakia mwenyewe. Kiungo cha Spotify kisikudanganye: kwa kawaida roboti husoma jina la wimbo na la msanii tu, kisha hutafuta rekodi kwingine. Ndiyo maana wakati mwingine unaomba wimbo wa studio unaletewa wa jukwaani.

Mawimbi
Kwenye kukatika, jua kwanza nani anasikia hivyo. Akiwa mmoja, tatizo ni mtandao au kifaa chake. Mkiwa nyote, ingia mipangilio ya chaneli ya sauti, badilisha eneo la seva kutoka la kujichagulia liwe lililo karibu nanyi, halafu sikilizeni tena. Bado inakata? Huenda roboti yenyewe imezidiwa, na hapo huna mengi ya kurekebisha upande wako ila kuipunguzia mzigo.

Zima vichujio vya besi na mwangwi, na sauti ya roboti iache kwenye asilimia 100. Discord hutumia Opus, yaani mfumo wa kusimba na kubana sauti. Wimbo ukitoka kwenye chanzo ukiwa tayari Opus, roboti nyingi huupitisha ulivyo. Ukigusa sauti au kichujio, inalazimika kuufungua na kuusimba upya, na kichakataji kinaelemewa. Anayeona muziki ni mkubwa aipunguze roboti kwake mwenyewe, kwa kubofya jina lake kwa kitufe cha kulia.

Kupandisha kilobiti za chaneli hakutibu kukatika. Muziki wa kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa kwa kila msikilizaji, na wa 128 hula mara mbili. Mwenye mtandao dhaifu ndiye anayeumia kwanza.

KibodiKimya
Njia nyingine ni kuendesha roboti ya kwako kwa msaada wa Lavalink, programu ya kupiga sauti. Toleo lake la 4 linataka Java 17 au zaidi kwenye mashine yako. Weka faili la mipangilio, application.yml, pamoja na Lavalink.jar, badilisha nywila ya mfano, kisha endesha `java -jar Lavalink.jar`. Hiyo si roboti. Ni injini ya sauti, na roboti yako huunganika nayo kupitia mlango (port) wa mtandao 2333. Mlango huo usiuache wazi kwa intaneti nzima.

Kwa YouTube, zima chanzo cha YouTube kilichomo ndani ya Lavalink na uweke programu-jalizi ya youtube-source. Ukiwa umekodi mashine kwenye kituo cha data, jiandae: YouTube mara nyingi huzikatalia anwani hizo na kudai uingie kwa akaunti. Kwa chaneli ya kusoma ningeiacha YouTube kabisa. Ruhusu chanzo cha mafaili ya ndani, weka muziki wenye leseni huru, foleni ijirudie.

Mwangwi7
Asanteni sana. Kuna roboti nimeialika sasa hivi, imeingia na jina la wimbo linaonekana, ila kimya. Na `!play` haiitikii, mpaka niandike `/play`.

FundiSauti
Amri za mkwaju, yaani zinazoanza na `/`, ndizo za kawaida sasa, kwa sababu roboti kubwa haziruhusiwi kusoma ujumbe wote bila idhini ya Discord. Kuhusu kimya, bofya jina la roboti uone kama seva imeizima sauti. Kama hiyo ni chaneli ya jukwaa (Stage), ambako wachache huzungumza na wengine husikiliza, roboti huingia kama msikilizaji. Ialike ipande kuzungumza.