Nepi za kitambaa au pampasi: ipi nafuu kweli?

MamaMtarajiwa
Habari zenu wazazi. Nimebakiza miezi miwili nijifungue, mtoto wa kwanza. Mume wangu anataka tununue nepi za kitambaa tuondokane na pampasi za kila wiki. Dada yangu ananiambia nitajuta kwa kufua. Mliotumia zote mbili, naomba hesabu.

BabaJunior
Hongera sana dada. Anza na idadi. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 10 hadi 12 kwa siku, akikua zinashuka hadi 6 au 8. Mpaka aache nepi, tuseme miaka miwili na nusu, pampasi zinapita 5,000.

Za kitambaa, 24 zinatosha ukifua kila baada ya siku mbili. Sasa chukua bei ya nepi moja ya kitambaa uigawe kwa bei ya pampasi moja. Mimi nilipata 30, maana yake nepi zangu 24 zilikuwa sawa na pampasi 720. Kwa pampasi 8 kwa siku, hizo ni za siku 90 tu. Nilipojumlisha sabuni, maji na vile vifuniko vya juu vya kuzuia unyevu, pesa yetu ilirudi mwezi wa tano. Kuanzia hapo ni sabuni na maji tu.

MamaWatatu
Baba Junior, hesabu yako nimeipenda, lakini mikono hukuihesabu. Anayefua ni nani? Mama aliyetoka kujifungua, mgongo unauma, halafu ndoo ya nepi inamsubiri? Kama maji mnanunua kwa ndoo, au kufua mnamlipa mtu, faida inapungua sana. Mwanangu, hilo lipangeni na mumeo kabla mtoto hajafika.

Halafu nepi za kitambaa hazifanani. Zile nene zilizoshonwa pamoja na kifuniko chake ni ghali, na jua likikosekana hukaa kwenye kamba siku nzima bado mbichi. Mimi nilitumia vitambaa vya pamba vya mraba, vya kukunja na kufunga kwa pini. Bei yake ndogo, vinakauka upesi, na vimewalea wanangu wote watatu. Vifuniko ndivyo nilivyobadilisha, lastiki zilikuwa zimelegea. Mtoto wa pili na wa tatu karibu sikununua kitu, na huo ndio unafuu wenyewe.

Nuru_K
Naongeza usiku. Ndani ya pampasi kuna chembechembe zinazonyonya mkojo na kuugeuza ute, ndiyo maana mtoto anakaa mkavu muda mrefu. Kwa kitambaa nilikuwa naamka kubadilisha mara mbili hata mtoto asipolia. Sasa mchana kitambaa, usiku pampasi moja. Pampasi moja kwa siku haijanifilisi, na usingizi nimeupata.

Fundi_Salama
Mwaka 2008 shirika la serikali la mazingira la Uingereza lilichapisha utafiti kuhusu nepi hizi, likaona madhara ya zile za kitambaa kwa mazingira yanategemea zinavyofuliwa. Ukijaza mashine vizuri, ukaanika juani, ukamrithisha mdogo wake, unapunguza madhara. Ukikausha kwa mashine kila mara, unayaongeza. Na bili ya umeme ni hivyo hivyo.

MamaWatatu
Na dawa ya kulainisha nguo usiiweke kabisa. Inapaka nyuzi, nepi inaacha kunyonya, kisha unadhani imechakaa unanunua nyingine. Mafuta mazito ya vipele nayo vivyo hivyo.

MamaMtarajiwa
Asanteni mno. Tutaanza na vitambaa vya mraba 12 na vifuniko 3, pampasi za usiku. Mume amekubali zamu za kufua. Pampasi za mtoto mchanga ninunue katoni nzima?

BabaJunior
Hapana dada, pakiti moja tu. Saizi hiyo wengine wanaipita ndani ya wiki chache. Sisi tulibaki na pakiti mbili hazijafunguliwa, tukazigawa.