Muvi zimetawanywa kila apu, nyinyi mnaangalia wapi?

mama_section58 (Nakuru)

Wasee habari za jioni. Kwetu tuko watu wanne na kila mtu ana apu yake kichwani. Mimi ni sirizi za Wakorea tu, hao nawapata Netflix, sina shida. Mzee anataka zile za HBO, na HBO yenyewe huku haijatufungulia duka lake, vitu vyake kwa miaka vilikuwa vikipitia apu ya Showmax na kwa dekoda. Watoto wanataka katuni za Disney, nikaenda kujisajili Disney+ nikaambiwa haipatikani kwenye eneo lako, na Afrika Kusini wako nayo tangu Mei 2022, sasa sisi tulikosa nini? Halafu Jumamosi ikifika ni mpira, na mpira ni dekoda tena. Ukijumlisha zote na waifai ya ploti juu, unakuta unakaribia kodi ya bedsita kule Kaptembwo.

Juzi mzee akarudi na fleshi. Alipitia kwa kijana wa muvi hapo karibu na steji, akabeba sizoni nzima, katuni za watoto juu, na pesa aliyotoa ni ya chapati mbili. Akaniuliza hiyo Netflix tunalipia nini. Nilikosa jibu lakini pia roho haijatulia, maana huo ni wizi tukiuita kwa jina lake. Sasa swali, kuna mtu amepata njia halali ya kuangalia bila kulipia apu tano? Na ni kweli hii kutawanya vitu ndiyo inarudisha watu kwa fundi wa muvi, ama ni sisi tu tunapenda za bure?

omwami_lurambi (Kakamega)

Dada ni za bure tu, tusidanganyane. Netflix ilifika Kenya Januari 2016, wakati huo hao wengine wengi hawakuwa hata wamezaliwa, na ni wangapi hapa walilipa? Watu walikuwa wanakula paswadi ya binamu mmoja ako Nairobi, ukoo mzima. 2021 wakaleta ile ya bure kabisa ya simu za Android, watu wakaangalia wakashiba, 2023 ikafungwa, mliona nani akikimbia kulipa? Mtu wa huku ananunua bando ya siku kwa siku, hiyo sirizi ya episodi kumi ataangalia na data gani? Hata apu ingekuwa moja peke yake bado angeenda kwa fundi.

fundi_kondele (Kisumu)

Naongea kama mtu ako ndani ya hii kazi, na sitasema ni halali kwa sababu si halali, watu wa KECOBO, ile bodi ya hakimiliki, wakisikika wako tauni tunafunga mlango kama wenzetu. @omwami_lurambi uko sawa lakini nusu. Wateja wangu ni aina mbili. Kuna watu wa boda, wa karakana, akina mama wa soko, hao hawajawahi kuwa na Netflix na hawaitaki, wanataka muvi ya mbao, yaani shilingi ishirini, iliyowekwa maneno na DJ, anaangalia kwa simu akingoja abiria. Apu ziwe moja ziwe mia, hazimhusu.

Aina ya pili ndiyo dada anauliza. Watu wa Milimani, wa Tom Mboya, walimu, watu wa benki. Faiba ilipoingia huko mitaani walipotea wote, nikajua hii biashara imeenda, nikaanza kuuza kava za simu. Sasa wamerudi, na wamerudi kivingine. Zamani mtu alikuwa anakuja kuuliza kuna nini mpya. Siku hizi anakuja na simu amepiga picha za skrini, hii ameona TikTok, hii ni trela ameona YouTube, hajui ni ya apu gani na mimi pia siulizi. Kwangu anakuta mafolda, Wakorea, Waturuki, katuni, za DJ, sirizi za Wazungu zimepangwa sizoni kwa sizoni. Anachomeka fleshi anachagua, tunapiga stori ya ile ya wiki jana, namwambia hiyo usibebe, sizoni ya mwisho waliiharibu, beba hii. Na wengi wao Netflix bado wanalipa! Wanakuja kwangu kuchukua tu ile moja ambayo haiko huko.

Kitu kingine, za Nigeria siuzi tena. Hizo zilikuwa zinanilipia kibanda, akina mama walikuwa wanabeba pati one hadi pati four bila kuuliza bei. Siku hizi maprodyusa wao wenyewe wanaziweka YouTube nzima nzima, bure na matangazo, mama anaangalia kwa simu yake usiku na mimi sipati hata ashu. Hakuna askari alinikataza, mwenye mali alikuja tu sokoni na bei ambayo siwezi kushindana nayo.

kijana_wa_njoro (Egerton)

Hiyo ya Nigeria ndiyo jibu lenyewe. Angalia muziki vile uko. Uwe Boomplay, uwe Spotify ambayo ilifika hapa Februari 2021, uwe YouTube, nyimbo karibu zote ni zile zile, unachagua apu kwa bei na vile imekupendeza, ni mara chache sana uambiwe albamu ya msanii wako iko kwa apu ya jirani peke yake. Muvi walienda njia ingine. Mwanzo studio zilikuwa zinamkodishia Netflix mali zao, halafu zikajiuliza tunamtajirisha huyu kwa nini. Disney wakatangaza Agosti 2017 kwamba wanatoa vitu vyao, Novemba 2019 wakafungua Disney+, mwezi huo huo Apple nao, 2020 zikafuata HBO Max na Peacock, kila mmoja amebeba mali yake amejifungia nayo.

Na sisi tuna shida ya pili juu ya hiyo. Mmarekani analia bei, lakini akilipa anapata. Haki za muvi zinauzwa nchi kwa nchi, kwa hiyo huku unaweza kupata mwenye kitu hajaamua kukuuzia, ama aliuzia kampuni ya dekoda miaka mingi mbele na wewe unataka tu kuangalia kwa simu ukiwa kwa matatu. Yaani pesa unayo mkononi na hakuna dirisha la kuilipia. Hapo ndipo namkatalia @omwami_lurambi, mtu kama mume wa dada ako tayari kulipa, hana pa kulipa. Gabe Newell, yule wa Valve wenye Steam, alisema 2011 kwamba uharamia karibu kila mara ni shida ya huduma kuliko ya bei, na yeye michezo ya kompyuta aliiuza hadi Urusi ambako wote walikuwa wanasema huko ni wizi tu.

MUSO, hao wanaohesabu watu wanaoingia tovuti za uharamia, walisema 2020 dunia nzima ziliingiwa mara bilioni 130, kufika 2024 ni bilioni 216. Sisemi yote imeletwa na kutawanya, bei pia zimepanda kila mahali, lakini hizo ni miaka ambayo apu zilikuwa zinaongezeka, kama dawa ni apu nyingi mbona mgonjwa anazidi?

nyar_kano (Kisumu)

Mnaongea ni kama hizi vitu zinamea zenyewe kwa shamba. Mimi kazi yangu ni sauti, ndio yule anashika maikrofoni kwa mti mrefu mkono ukikufa ganzi, na nimefanya kazi kadhaa huku Kisumu na upande wa Homa Bay. Moja iliingia apu fulani, kesho yake iko Telegram, na watu wananitumia hiyo linki ya Telegram wakinipongeza! Mimi nilikuwa nimeshalipwa kwa hiyo mfukoni sikuguswa. Aliyeumia ni prodyusa, maana akienda kuuza ya pili anaulizwa ya kwanza iliangaliwa na wangapi, na hao wa Telegram na wa fundi hawahesabiwi popote. @fundi_kondele sikuchukii, lakini wewe ukiuza watu elfu moja huyo prodyusa anaonekana hakuna mtu alimtaka. Na wanunuzi wenyewe wanapungua, Amazon waliacha kuagiza kazi mpya za Afrika Januari 2024, kwa hiyo milango ya kubisha imekuwa michache.

Upande ule mwingine nao siwezi ficha. Shangazi yangu wa Ahero alijua niko kwa hiyo kazi, akaniuliza, "Sasa hiyo yenu itafika lini kwa fundi?" Hakuwa anauliza kwa ubaya, kwake fundi ndiye sinema, muvi ikitoka inatoka hapo. Hana kadi ya benki, TV yake ni ile ya mgongo, atajisajili apu na nini? Mwishowe niliibeba kwa laptopu tukaangalia na majirani sebuleni, watu wakicheka wakiona bara­bara yao. Kazi imepigwa Kano hapa Kisumu na mtu wa Kano hana njia ya kuinunua hata akitaka.

omwami_lurambi

@nyar_kano hiyo nimeisikia na pole. Lakini fundi amesema mwenyewe kuna wale wa mbao ambao apu haziwahusu. Swali kwake, kati ya hao wawili wengi ni gani? Kwa sababu kama wa boda ndio wengi basi mimi bado niko sawa.

fundi_kondele

Kwa vichwa ni wa boda. Kwa pesa ni wa Milimani. Wa boda anabeba moja mbili, wa Milimani anajaza fleshi mpaka inakataa na anaacha na soo, mia nzima, bila kungoja chenji.

kogalo_damu (Nyalenda)

Mpira mmeuruka na ndio mbaya zaidi. EPL ni SuperSport, ligi yetu FKF ilisaini na Azam 2023, sasa mimi wa Gor na wa Arsenal niweke madishi mawili kwa nyumba ya mabati? Naingia kibanda, natoa mbao, ndani kuna skrini mbili na watu wa kubishana nao. Na kwa mpira hao wenye haki hawalali, tangu sheria ya hakimiliki irekebishwe 2019 wanaweza kuandikia kampuni ya intaneti notisi ifunge tovuti, MultiChoice, wenye SuperSport, walifika na Safaricom hadi kortini kwa maneno hayo. Inafungwa leo, kesho iko na jina lingine, watu wanatumiana kwa WhatsApp kabla ya hafutaimu.

mwalimu_kanduyi (Bungoma)

@mama_section58 nikujibu ulichouliza. Usilipe zote mwezi mmoja. Sisi tunalipa moja, tunaangalia tulichotaka, tunahama. Ukishalipa zima ile ya kujilipa yenyewe siku hiyo hiyo, mwezi wako unabaki mzima, lakini ukisahau wanakukata tena. Kama huna kadi ya benki tumia M-Pesa GlobalPay, inakupa kadi ya Visa kwa simu na hapo wewe ndiye unaamua kuacha pesa ndani au la. Paswadi ya dada yako Nairobi usiitegemee, Netflix walianza kubana hayo mambo ya nyumba mbili tofauti 2023. Watoto wape katuni za Ubongo za Tanzania, ziko YouTube, Kiswahili safi na hesabu wanajifunza. Hazitawatoa Disney kichwani, hilo sikuahidi. VPN pia usihangaike nayo, mara nyingi utaambiwa ulete kadi ya nchi hiyo, na ni kinyume na masharti yao.

boksi_zote_nkr

Dada kuna boksi ya Android, unalipa mara moja tu, Disney, HBO, mipira yote ndani, hakuna kulipia mwezi. Naleta mpaka 58, inboksi.

kijana_wa_njoro

Hapana hapana. Hizo boksi za "zote ndani" ndizo FBI walitolea onyo Juni 2025, virusi vyenyewe vinaitwa BADBOX 2.0, nyingi zinatoka kiwandani na virusi tayari, na zingine zinaambukizwa ukiweka hizo apu zao. Watu wanapitishia uhalifu wao kwa intaneti yako na wewe unajua unaangalia katuni. Kwa fundi angalau unabeba fleshi tu, hii unaileta nyumbani unaiunganisha na waifai ile ile ambayo simu yako ya M-Pesa iko.

mama_section58

Boksi hapana, asanteni. @mwalimu_kanduyi hiyo ya kuhama nimeipenda, mwezi huu wacha Wakorea wapumzike tumlipie mzee zake tuone kama ataacha fleshi. Ya Disney bado sina jibu na huyu mdogo ameshaanza kuuliza tunaenda lini steji.

omwami_lurambi

Hataacha. Mwisho wa mwezi kuja utuambie.