Naomba ushauri: msaliti kwa riwaya yangu anajulikana mapema sana

Hamjambo wanakikundi, niko hapa Kisumu naandika riwaya ndefu ya fantasia, mambo ya uchawi na watu kung'ang'ania kiti cha ufalme. Msingi nimechota kwa Luanda Magere, yule shujaa wa Waluo ambaye mkuki haukumwingia maana nguvu zake zilikuwa kwa kivuli, mpaka bibi aliyeletewa na maadui akaijua siri. Sasa shida ni kwamba huku kila mtu anaijua hiyo hadithi, bibi mgeni akiingia tu bomani msomaji ashajua nani atamuuza. Nikajaribu kufanya msaliti awe mtoto wake, kumbe hapo nimeangukia kwa Fumo Liyongo wa Pwani, aliyedungwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe, na mabeste niliowapa waisome wakainusa mapema. Nikificha mawazo ya msaliti kabisa inakaa ni kama nadanganya msomaji, hiyo siipendi.

Kwa hivyo, nimwache msomaji ajue msaliti mapema wasiwasi ubaki ni lini, ama nizidi kuficha? Na shujaa akianguka, uchawi wake umwendee aliyemuuza ama upotee? Waliomaliza riwaya za aina hii nisaidieni tafadhali.