Tupeane uzoefu: The Rings of Power imekugombanisha na nani?

Fundi wa Mwanjelwa

Wakuu habari za muda huu, na wa huku kwetu poleni na baridi maana leo mlima Loleza hauonekani kabisa na bisibisi mkononi haishikiki.

Naleta huu uzi kwasababu nina rafiki hatuongei. Sio demu, sio hela, ni pete. Na sio pete ya uchumba.

Iko hivi. Kibandani kwangu jioni wateja wakipungua huwa tunakaa watatu, laptop juu ya boksi la kava za simu, spika moja imekufa, tunaangalia hii The Rings of Power, tamthilia ya Amazon ya ulimwengu wa The Lord of the Rings wa mzee Tolkien, tangu ilivyotoka Septemba 2022 mpaka sizoni ya pili Agosti 2024. Sasa kwenye tamthilia zile pete tatu za uchawi za maelfi (wale wenye masikio ya ncha) zinatangulia, mwisho wa sizoni ya kwanza, alafu ndio zinakuja saba za wale wafupi wa mgodini na tisa za binadamu. Jamaa yangu akasimama. Akasimama kabisa kama refa kaona rafu. Anasema kitabuni ni kinyume, Sauron, yule adui mkuu, alijigeuza sura akaenda Eregion kwa maelfi kama mleta zawadi, akawafundisha mafundi wa kule, zikatoka zile nyingine kwanza, alafu Celebrimbor, fundi mkuu wa maelfi, ndio akamalizia zile tatu peke yake, Sauron hakuzigusa, ndio maana zilibaki safi. Nikamwambia mbona hata huku hakuzigusa? Akasema lakini katoa ushauri wa kuchanganya madini, ushauri nao ni kugusa. Akachukua maka peni akaanza kunichorea mishale kwenye boksi langu, boksi jipya, la wateja! Nikamuuliza swali moja tu, we kitabu umekisoma lini? Kimya. Akavaa kofia yake akaondoka. Mpaka leo akipita anapitia ng'ambo ya barabara, na kuku tuliyewekeana dau hajaliwa.

Na alichosema ni kweli, nimekuja kuulizia kwa watu waliosoma. Mi kilichoniuma ni boksi.

Haya tiririkeni. Hii hadithi ulikutana nayo wapi mara ya kwanza, na hii ya Amazon imekugombanisha na nani?

Mtoto wa Uyole

Mkuu mi mara ya kwanza ni kibanda umiza, benchi la mbao, pazia jeusi, jasho, tumejibana kama dagaa. Muvi ilikuwa The Two Towers, ile ya pili ya The Lord of the Rings, na ilikuwa imetafsiriwa, yani DJ anaongea juu ya sauti za wazungu. Gandalf alikuwa anaitwa Mzee wa Fimbo. Legolas ni Mshale. Gollum ni Kipara. Mpaka namaliza la saba sikujua majina yao mengine.

Sasa kuna pale usiku, maorki kibao, yale mazimwi ya adui, wako njiani kuja kuivamia ngome, watu ndani wamekata tamaa, inapigwa baragumu DJ akapaza sauti MAELFU WAMEFIKAAA. Kibanda kizima tukashangilia. Nikawa nahesabu, naona kama mia mia mbili hivi, nikajisemea hao wengine elfu wapo nyuma kamera haijawafikia. Miaka mingi sana nilivyokuja kujifunza kiingereza ndio nikajua alikuwa anasema maelfi.

Na sasa sikilizeni. Hao maelfi kwenye kitabu hawafiki pale. Hawapo! Ni Peter Jackson, mwongozaji wa muvi, kawaleta. Kwaiyo mtu akiniambia muvi zile za 2001 mpaka 2003 zilifuata kitabu na hii tamthilia imekiuka, namuuliza tu, maelfu walifika au hawakufika? Nimeshawanyamazisha watatu mpaka sasa.

Kihesa Juu

Kamwene wote. Mi nilianza na kitabu, ila sio kwa kujisifu, nilikinunua kwenye vitabu vya mtumba, The Return of the King, kile cha tatu cha The Lord of the Rings, jalada hakuna, kurasa za mwanzo hakuna (nahisi zilifungia karanga), kwaiyo nikaanzia nyuma kwenye viambatisho. Yani nimeijua Enzi ya Pili, ile ya zamani inayosimuliwa na tamthilia, kabla sijajua Frodo, mhusika mkuu wa kitabu, ni nani. Ndio maana hii tamthilia ilinichoma.

Kwa wasiojua, Amazon walinunua haki mwaka 2017, inasemwa kwa kama dola milioni 250, na walichopata ni The Lord of the Rings na The Hobbit pamoja na hivyo viambatisho, The Silmarillion, kitabu chake kingine cha historia ya kale, hawakupewa. Kwaiyo maelfu ya miaka wanayoisimulia wameitoa kwenye kurasa chache tu za nyuma, mapengo wanajaza wenyewe. Hilo naelewa. Kisichoelezeka ni miaka. Celebrimbor anauawa mwaka 1697 wa Enzi ya Pili. Isildur, ambaye ni binadamu, anazaliwa 3209. Hapo katikati ni miaka 1512, lakini kwenye runinga wanaishi dunia moja kama mtu wa Kihesa na mtu wa Mlandege.

Nikawa namweleza hivyo mdogo wangu wa kike, yuko chuo mwaka wa pili. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua hata macho. Akasema kaka, bibi alivyokuwa anatuhadithia vita ya Lugalo, babu yake babu si alikuwepo pale na mkuki pembeni ya Mkwawa? Nikasema ndio. Akasema Lugalo ni 1891, na ulishapiga hesabu wewe mwenyewe ukasema huyo babu kazaliwa Mjerumani ameshaondoka, mbona bibi hukumwambia ameharibu?

Nilikaa kimya muda. Alafu nikajibu bibi hakulipia milioni 250 kuhadithia. Akasema ndio maana, bibi haki zote alikuwa nazo.

Tangu siku hiyo akiniona nafungua laptop anauliza, tuko mwaka gani leo?

Parachichi Njombe

Haki milioni 250, na kutengeneza sizoni ya kwanza pale New Zealand inatajwa kama milioni 465 za dola. Vipindi nane. Wakuu hiyo hela ni parachichi kutoka huku kwetu mpaka Rungwe bila kuacha hata upenyo wa kupita bajaji. Naombeni mnivumilie siwezi kujadili pete.

Msusi Makambako

Mimi nimegombana na shemeji. Saluni kwangu kuna runinga ndogo, siku hiyo naangalia na wateja, shemeji kaja kufuata funguo akamwona Arondir, yule elfi mweusi, akakaa chini kabisa kuanza kulalamika. Elfi mweusi haiwezekani, wameweka kwa kulazimisha, mwandishi hakumaanisha. Nikamwangalia. Shemeji yangu ni mtu wa Ludewa, mweusi kuliko mimi, mweusi wa kung'aa. Nikamuuliza shem, hao maelfi ni ndugu zako wa upande gani? Wateja wakacheka, mmoja kichwa kikanitoka mkononi nikapoteza msitari. Akasema sio ubaguzi, ni uaminifu kwa mwandishi. Alafu akamwona Disa, mke wa yule Durin kijana, akahamia kwenye ndevu, eti wanawake wa wafupi wanatakiwa wawe na ndevu, mbona huyu hana. Kwa hiyo shida ni rangi au ni ndevu, amua moja tukutafutie dawa!

Ila nikiacha utani, wale waigizaji walitukanwa sana mitandaoni mwaka ule, mpaka Elijah Wood na wenzake wa muvi za zamani wakajitokeza wamevaa fulana zenye masikio ya rangi zote kuwatetea. Hilo nililiona nikampenda bure.

Na kuna wanaosema Galadriel, yule elfi wa kike, kafanywa mwanajeshi wakati kwenye muvi alikuwa mama ametulia anang'aa. Tolkien mwenyewe kwenye barua yake moja kaandika Galadriel wakati wa usichana alikuwa na hulka ya Amazon (ndio, neno ni hilohilo, hahaha) na kwenye michezo alikuwa anafunga nywele kichwani kama taji. Mi kama msusi hapo ndio nina malalamiko yangu. Taji liko wapi? Vita zote zile nywele zimeachiwa mgongoni zinapepea. Ningempata saa mbili tu ningempiga twende kilioni asingesumbuka mpaka Mordor kwa Sauron.

Duara Namba Nne

Nimecheka hapo juu. Mi ya kwangu ni Chunya, kambini, jenereta, kompyuta ya mwenye karasha (mashine ya kusaga mawe). Tulikuwa kama kumi na tano na wengi hawakuwahi kusikia hata neno hobiti, kilichowaleta ni kwamba kuna mgodi.

Kile kipindi mgodi wa Khazad-dûm unaporomoka Disa anauimbia mwamba uwaachie watu, nilijua watacheka. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliyewahi kufukiwa akasema taratibu, matimba yako wapi? (yani magogo ya kushikilia mwamba) Akarudisha nyuma, tukaangalia tena. Ukumbi mkubwa umechongwa kama ikulu, ila kwenye ule mkondo mpya wa kuchimba mithril, yale madini yao ya thamani, hatukuona alichokuwa anakitafuta. Akasema hapo wangekufa wote, huyo mama kaimba vizuri lakini wangekufa.

Kwenye ugomvi wa baba na mtoto kambi nzima ilikuwa upande wa Durin mzee, kasema basi ni basi, chini kuna hatari. Alafu sizoni ya pili anavaa pete, na pete inamwonyesha pa kutoboa ili mwanga urudi ndani ya mlima, kila akisema hapa, kweli ni hapo. Wakasema ahaa mganga huyo tunamjua. Mwanzo anakuonyesha kweli, baadae ndio anaanza kutaka vingine. Na mzee akaanza kupenda dhahabu mpaka hamsikii mtu. Yule aliyeuliza matimba akasema nimeshafanya kazi kwa tajiri wa namna hiyo, na hakuvaa pete.

Kulikuwa na kijana mmoja mjuaji, kaja likizo, akaanza kusema hii habari ya mithril kuwaponya maelfi haipo kwenye kitabu, wametunga. Ni kweli wametunga, mi mwenyewe nilivyosoma sikuiona. Lakini alijibiwa, na dhahabu ya bure nayo haipo, hebu washa.

Mvua ya Tukuyu

Mi naandika kwa kifupi umeme ukirudi huwa hautabiriki. Nilikuwa namwekea mama yangu, hajui kiingereza hata kidogo, namtafsiria huku naangalia. Kipindi cha pili pale Galadriel yuko majini anapandishwa kwenye lile jahazi lililovunjika, akatokea Halbrand. Mama akaacha kupepeta mchele. Huyu kijana sio mzuri. Nikasema mama ndio kwanza katokea, ni mhanga mwenzao. Akasema mtu ameokotwa baharini, hana kitu, hana ndugu, alafu kila anachoulizwa jibu analo? Huyo ana lake.

Kuanzia hapo nikabishana na mama vipindi sita. Namwambia huyo ni mfalme amepotea, anasema mfalme wa wapi hana hata anayemtafuta. Mtandaoni watu wanaandika insha ndefu kwamba Sauron ni yule mzee aliyedondoka na kimondo, mi nimo, nabishana usiku na bando la mkopo. Kipindi cha nane akajulikana ni Halbrand, na yule wa kimondo sizoni iliyofuata ikaja kusemwa ni Gandalf. Nikaenda jikoni kumwambia mama. Akasema, sasa mchele upepete wewe.

Kijiweni Mafinga

Kwangu ni flashi. Nimelipia niwekewe sizoni ya pili yote, nimekusanya ukoo, mkaa umewaka, ulanzi upo, naweka flashi, vipindi sita tu na viwili vya mwisho Celebrimbor anaongea lugha nadhani ya Warusi. Baba mdogo akasema huenda ndio kielfi chenyewe. Tukaangalia hivyohivyo. Alivyokuwa anadanganywa na Sauron kule karakanani hauhitaji lugha aisee, ile sura ya fundi anayeambiwa kazi yake ni nzuri na mtu anayemmaliza.

Mwenye Kofia

Nimetumiwa huu uzi na mtu. Mimi ndio yule rafiki.

Kwanza niweke sawa, kitabu NIMESOMA. Nilisoma kwenye simu, ile simu ambayo wewe fundi ulinibadilishia kioo ukasema orijino. Hicho kioo kinajigusa chenyewe. Nikiwa ukurasa wa mia kinanirudisha wa ishirini, nikiufuata mia kinanipeleka mia tatu. Nimesoma The Fellowship of the Ring kwa miezi mitano na sehemu ya Bombadil, yule mzee wa msituni, nimeisoma mara nne sio kwa kupenda. Ndio maana uliponiuliza umesoma lini nikanyamaza, ningeanza kueleza hapo ungeambiwa mbele ya wateja kwamba kioo ni feki. Nilikusitiri.

Pili tamthilia ilitoka tarehe 2 Septemba, siku ambayo mzee Tolkien alifariki mwaka 1973, walau kwa heshima ya siku wangepanga pete vizuri. Msimamo wangu haujabadilika.

Fundi wa Mwanjelwa

Duh.

Lete simu kesho, kioo nakuwekea kingine bure, kabla ya saa nne maana baada ya hapo foleni. Ila boksi utalipa.

Mtoto wa Uyole

Na kuku?

Mwenye Kofia

Kuku ni wangu, hata fundi kakubali hapo juu kwamba nilichosema ni kweli, someni. Na kesho nakuja na swali moja, Bombadil kitabuni kakaa zake msituni karibu na Shire, kwao hobiti, maisha yake yote, kwenye tamthilia huko Rhûn, mashariki ya mbali, wamempeleka kufanya nini? Maka peni nakuja nayo.