Mjadala: Paredi ya maridhiano na kugawa vyeti, viende pamoja?

Mzazi, Perth (mwanzisha mada)

Wakuu, naleta hili kwenu kwa sababu limetugawa hata nyumbani kwangu.

Shule anayosoma binti yangu huku Australia ilifanya paredi ya Wiki ya Maridhiano kati ya wenyeji asilia na Waaustralia wengine, ile ya kila mwaka kuanzia 27 Mei hadi 3 Juni. Mzee wa Wanoongar, wenye ardhi hii tangu na tangu, alitukaribisha kwa lugha yake: "Kaya." Kwao ni salamu. Mimi mtu wa Kilifi nilishtuka, maana kwetu kaya ni msitu wa wazee, wenye makaburi na fingo, yaani zindiko la kuwalinda. Nikatega sikio. Akaeleza habari za watoto ambao serikali iliwanyang'anya mikononi mwa mama zao ili walelewe kizungu. Ukumbi kimya.

Hata hajaketi vizuri, muziki ukawashwa. Mwalimu mkuu akaanza kugawa vyeti: mwanafunzi wa wiki, darasa lisilochelewa, mama wa kantini aliyetimiza miaka kumi kazini. Binti yangu akapata cha hisabati. Nilipiga makofi nimeinamisha uso.

Msimamo wangu ni kwamba matanga na harusi haviwekwi ukumbi mmoja saa moja. Vyeti vingengoja wiki nyingine. Mke wangu anasema nimezidi. Nyie mwasemaje?

Mwalimu mstaafu, Morogoro

Mkeo ana hoja. Tazama hizo tarehe zenyewe. 27 Mei 1967 ndiyo siku Waaustralia walipopiga kura, na zaidi ya asilimia 90 wakakubali Waaborijini, yaani wenyeji asilia, wahesabiwe kwenye sensa na serikali kuu iweze kuwatungia sheria. 3 Juni 1992 Mahakama Kuu ilitoa hukumu ya kesi ya Mabo, ikafuta uongo kwamba Waingereza walikuta ardhi isiyo na mwenyewe. Hizo ni siku za ushindi, bwana. Siku ya majonzi wanayo, nayo ni 26 Mei, tarehe ambayo mwaka 1997 ripoti ya watoto walioibwa ilifikishwa bungeni. Kwa hiyo wewe unawalaumu kwa kucheza ngoma siku ya ngoma.

Mzazi, Perth

Mwalimu, umenipata kidogo. Lakini Eddie Mabo mwenyewe, aliyefungua kesi hiyo, alifariki Januari 1992, miezi michache kabla ya hukumu. Hata ushindi wao una kaburi ndani yake. Na ngoma niliyoiona haikuwa ya Mabo, ilikuwa ya darasa lisilochelewa.

Mdau, Dar

Wakuu, sherehe tupu zote hizo. Oktoba 2023 Waaustralia waliulizwa kama wenyeji asilia wapewe chombo cha kulishauri bunge. Kushauri tu! Asilimia 60 hivi wakakataa, na majimbo yote sita. Mwezi uliofuata Rais wa Ujerumani akaja Songea, akaomba msamaha kwa mauaji ya Maji Maji. Hotuba nzuri, na wenzetu Wangoni wanachotaka ni fuvu la Nduna Songea Mbano, kiongozi wao aliyenyongwa na Wajerumani. Kuongea hakuna gharama.

Mama wa watoto wawili, Adelaide

Mimi swali langu ni jingine. Sisi tumekuja juzi kwa viza. Hatukumpora mtu. Kwa nini mwanangu asimamishwe mbele ya shule aseme maneno ya kukiri kwamba ardhi ni ya wenyeji asilia?

Mzazi, Perth

Dada, hapo nakukatalia. Msamaha aliuomba Waziri Mkuu Rudd bungeni, 13 Februari 2008, kwa niaba ya serikali. Mwanao hakuombeshwa msamaha. Kuna mambo mawili watu huyachanganya. Kukaribisha ni kazi ya mwenyeji peke yake, kama mzee yule. Anachosema mtoto ni kupiga hodi. Wewe hukujenga nyumba ya jirani wala hukuiba kitu ndani yake, lakini mlangoni unapiga hodi.

Mkenya, Nakuru

Hodi nimeipenda. Ila hapo Perth kuna jambo ambalo shule ingefundisha kabla ya vyeti na muziki. Kati ya 1927 na 1954 Mwaborijini hakuruhusiwa kuingia katikati ya mji huo bila kibali. Babu zetu walivaa kipande, kitambulisho cha mkoloni, shingoni, kwa hiyo mtoto wa Mkenya ataelewa hilo upesi kuliko mwalimu wake. Waambieni waliweke kwenye somo la historia, sio paredi ya nusu saa.

Msaidizi wa darasa, Melbourne (natokea Bukavu)

Nafanya kazi ndani ya shule, niseme ninachokiona. Kusifu wafanyakazi siku hiyo si kosa. Kosa ni nani anasifiwa. Kwetu kuna mama mmoja Mwaborijini anayefuatilia watoto wa kwao: nani hajala, nani hajaja, nani nyumbani kuna msiba. Mwaka mzima hatajwi. Ikifika Mei kila mtu anamtafuta: tuletee mzee, tuletee mchoro, tufundishe wimbo. Mwaka jana alikataa. Akasema Mei anachoka kuliko miezi mingine yote. Angepewa cheti yeye na saa zake za kazi zikaongezwa, nisingeuliza muziki ulianza saa ngapi.

Mdau, Dar

Hiyo ya saa za kazi nakubali. Hapo kuna kitu cha kushika.

Mzazi, Perth

Msaidizi, umenihamisha, ingawa suala la muziki sijaliachia. Nimemuuliza binti yangu, na kumbe shuleni kwao yuko mtu wa kazi hiyo hiyo, anakuja siku mbili kwa wiki. Mimi mzazi wa mwaka wa tatu sikuwa namjua. Kikao cha wazazi ni Jumanne. Aliyeko Perth aniambie: saa za wafanyakazi hao huamuliwa na mwalimu mkuu au na wizara? Nisije nikambana asiyehusika.