Nina grini kadi, nina kesi ndogo ya 2018, na mama anaumwa Pangani. Nikitoka nitarudi?

DerevaWaBweni

Wakuu, heshima kwenu. Naomba niandike kwa urefu kidogo, jambo hili limenikaa kooni wiki ya tatu sasa.

Mimi ni mtu wa Pangani, upande wa Bweni ukivuka kivuko. Tulishinda bahati nasibu ya viza, mimi na mke wangu tukaingia Marekani 2016 tukiwa na grini kadi tangu mwanzo. Tunaishi Fort Worth, Texas. Naendesha lori la friji, mara nyingi parachichi na ndimu kutoka mpakani kwenda Dallas, Oklahoma City, hadi Kansas City. Sijawahi kulala usiku mmoja nchi hii bila karatasi halali. Kodi nalipa, na watoto wangu wawili wamezaliwa hapa.

Mama alianguka mwishoni mwa Agosti akianua nguo. Kiharusi, upande wote wa kulia. Dada yangu anamgeuza kitandani peke yake, na mama ni mtu wa mwili. Kwenye simu maneno yake hayashikiki, ila jina langu analitamka sawasawa, halafu ananyamaza anasubiri. Nataka niende nikae naye hata miezi miwili.

Kinachonizuia ni mambo mawili.

La kwanza lilinitokea Mei 2025. Ukitoka mpakani kuelekea kaskazini, barabara kuu za kusini mwa Texas zina vizuizi vya uhamiaji, na kila gari linasimama hata kama mwenyewe hujavuka mpaka. Nimepita hapo mara nyingi mno. Swali ni moja tu: wewe ni raia? Najibu, hapana, mkazi wa kudumu. Naambiwa pita. Siku hiyo afisa, kijana mdogo, akasema nipe kadi. Kadi ilikuwa Fort Worth kwenye mkoba wa mke wangu, kwa sababu alikuwa anahangaikia usajili wa mtoto shule akaichukua na yangu kutoa kivuli. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Hakuitazama. Nikawekwa pembeni kwenye benchi la chuma, nikachukuliwa alama za vidole, nikakaa saa mbili na dakika arobaini. Nikaomba niende nikaangalie tu kipimo cha friji, nikakatazwa. Nilifika ghalani mapokezi yamefungwa, mzigo ukalala, na malipo ya safari yakakatwa. Aliponirudishia leseni akaniambia, kwa upole kwa kweli, kwamba ningeweza kushitakiwa.

Nikaja kusoma. Ipo sheria ya tangu 1952: mgeni yeyote mwenye miaka 18 na kuendelea lazima awe na kadi yake mwilini muda wote, la sivyo faini, au jela hadi siku 30, au vyote viwili. Ilikuwa imelala vitabuni, wengi wetu hata hatukuijua, mpaka mwaka 2025 serikali ilipotangaza inaisimamia. Tangu hapo kadi yangu iko kwenye kifuko cha plastiki shingoni, ndani ya fulana. Nalala nayo. Asubuhi nakuta kona zake zimeniachia alama kifuani.

La pili ndilo kubwa. Mwaka 2018, kwenye mizani moja huko Oklahoma, askari alikuta msokoto wa bangi uliovutwa nusu ndani ya kopo la soda. Lori tulikuwa tunaendesha wawili kwa zamu. Sivuti, na kopo halikuwa langu, lakini tulishitakiwa wote. Wakili niliyepewa na mahakama alizungumza nami dakika kumi kwenye korido. Akasema kiri kosa, lipa faini, ukitulia mwaka mmoja kesi inafutwa. Nikakiri. Mwaka ukaisha, ikafutwa, na karatasi ya kufutwa ninayo.

Sasa jamaa mmoja kazini ananiambia nikitoka nchi hii nisitegemee kurudi. Ni kweli? Anayejua anijibu, hata kama jibu ni chungu.

Mzee_Kilosa

Mkuu pole kwa bi mkubwa. Usitishwe na maneno ya vijiweni. Kesi imefutwa imefutwa, na kadi ni kadi. Mimi nimeenda Bongo mara sita na kurudi, naulizwa tu nimebeba chakula gani. Kata tiketi ukamwone mama, mama hana mbadala.

Mkalimani_Houston

Kaka, usikate tiketi. Nakuomba kabisa. Na Mzee wangu wa Kilosa, shikamoo, najua umesema kwa nia njema, lakini wewe huna kesi na huyu anayo.

Mimi si wakili. Natafsiri Kiswahili mahakamani mwaka wa kumi na moja sasa, na hadithi yako nimeitafsiri ikitoka vinywani mwa watu wengine.

Sheria ya uhamiaji ina vipimo viwili. Kimoja ni cha kumfukuza mtu aliyeko ndani, kingine ni cha kumkubali mtu anayeingia. Bangi yako, mara moja tu, gramu 30 au pungufu, ya kutumia mwenyewe: kipimo cha kufukuza kinaisamehe. Ndiyo maana umekaa miaka saba hapo Fort Worth hakuna aliyekugonga mlango. Kipimo cha kuingia hakina huo msamaha. Kwa kawaida mwenye grini kadi akirudi kutoka safari hahesabiwi kama mtu anayeomba kuingia upya. Ila akikaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo anahesabiwa hivyo, na akiwa na kosa la aina yako anahesabiwa hivyo hata kama ameondoka siku tatu. Pangani utafika salama, mama utamwona. Hatari iko kwenye zile hatua tano za mwisho mbele ya kaunta wakati wa kurudi.

Na hilo neno "imefutwa" limewaponza wengi. Jimbo limefuta kwenye daftari lake. Serikali kuu haifuati daftari hilo. Sheria ya 1996, ambayo Rais Clinton alitia saini tarehe 30 Septemba mwaka huo, inasema ukishakiri kosa na hakimu akakupa adhabu yoyote, hata kukuweka chini ya uangalizi tu, kwa uhamiaji hiyo ni hukumu. Karatasi yako ya kufutwa, kaka, ukiitoa pale kaunta unawathibitishia kwamba kesi ilikuwepo.

Mgiriki mmoja, Panagis Vartelas, mwenye grini kadi, mwaka 2003 alikwenda kwao wiki moja kuwaona wazazi wake wazee. Aliporudi New York alizuiwa kwa kosa alilokiri 1994. Alipambana hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, akashinda mwaka 2012, yaani miaka tisa kwa safari ya wiki moja. Na alishinda kwa sababu kosa lake lilitangulia sheria ile ya 1996. La kwako ni la 2018, mlango huo haukuhusu.

Upo mlango mwingine wa kuuliziwa. Mwaka 2010, katika kesi ya Jose Padilla, Mahakama ya Juu ilisema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kwamba kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Padilla naye alikuwa dereva wa lori mwenye grini kadi, alishikwa na bangi Kentucky, ingawa ya kwake ilikuwa shehena. Wakili wako wa korido alikueleza chochote kuhusu uhamiaji? Kumbuka vizuri, uandike. Kosa lako si la kufukuzisha, kwa hiyo sijui jaji wa Oklahoma atalipokeaje, lakini wakili wa uhamiaji alitazame. Na umwendee na jalada zima la mahakama, nakala yenye mhuri, siyo karatasi moja ya mwisho. Gramu ziwe zimeandikwa humo.

Jambo jingine, hili ni la wote wanaosoma. Ukizuiwa uwanja wa ndege ukapewa fomu I-407, hiyo ni ya kuachia grini kadi kwa hiari. Hiari maana yake una haki ya kukataa kusaini na kuomba kupelekwa mbele ya jaji wa uhamiaji. Nimekaa na bibi aliyesaini akidhani anasaini kupokea mizigo.

Otis_wa_Tuscaloosa

Ndugu, pole. Mimi ni Mkenya, niko Alabama tangu 2007. Hiyo ya kusimamishwa ukiwa na karatasi zako zote halali tuliionja mapema. Mwaka 2011 jimbo letu lilipitisha sheria ya uhamiaji iliyosemwa kuwa kali kuliko zote nchini. Polisi wa barabarani alitakiwa aulize karatasi akikushuku. Hata kulipia namba ya gari ilibidi uthibitishe uhalali wako. Nakumbuka foleni imezunguka jengo, wazungu wazee waliozaliwa hapa hapa wameshika vyeti vya kuzaliwa, na mimi pasipoti mkononi, kwa ajili ya kibandiko cha namba ya gari.

Novemba mwaka huo, hapa Tuscaloosa, alikamatwa meneja Mjerumani wa Mercedes-Benz. Gari la kukodi halikuwa na namba sahihi, na alikuwa na kitambulisho cha Ujerumani pekee. Mwenzake akakimbilia pasipoti hotelini ndipo akaachiwa. Kiwanda cha hao Wajerumani ndicho kinacholisha nusu ya mtaa wangu. Sehemu kubwa ya sheria ile ilizimwa na mahakama, mengine yakaisha kwa makubaliano 2013, lakini jirani zetu Wamexico waliohama usiku hawakurudi, na kati yao walikuwepo wenye kadi kama yako, waliohama kwa sababu ndugu mmoja hakuwa nayo.

Swali langu: kwa nini hujachukua uraia? Sisi tangu katiba ya 2010 tunaruhusiwa kuwa na pasipoti mbili.

Nadine_Maine

Kaka yangu, naandika kutoka Portland, mimi ni Mrundi. Nilipata hifadhi kwanza, grini kadi baadaye, kwa hiyo kurudi Bujumbura kwangu ni kama kuwaambia kwamba sikukimbia kweli. Mama yangu ndiye alikuwa aje nikijifungua. Juni 2025 Burundi ikaingizwa kwenye zile nchi saba ambazo Rais Trump aliwazuia watu wake kuingia Marekani kwa baadhi ya viza, kuanzia tarehe 9 viza za kutembelea zikafungwa. Kadi yangu haikuguswa. Aliyefungiwa ni mama.

Mwaka juzi tulikutana Kigoma. Yeye alipitia Manyovu, mimi kwa ndege kutoka Dar. Tukakaa gesti pale Mwanga siku tisa, tukilala kitanda kimoja. Alinibebea ndagala, yaani dagaa, kilo mbili zimefungwa kwenye kitenge chake, nikamwambia huku sitaruhusiwa kuingia nazo, basi tukazila zote hapo hapo. Nakuombea upate njia ya kumfikia mama yako.

DerevaWaBweni

Asanteni sana, na dada wa Houston Mungu akulipe. Nimerudi na majibu.

Nimeonana na wakili wa uhamiaji jana, saa nzima, na jalada la Oklahoma nililifuata mwenyewe nikiwa na mzigo wa kwenda huko. Amesema kama ulivyosema: nisitoke. Gramu zimeandikwa, moja na nusu. Atatazama suala la wakili wa korido, hakuniahidi.

Otis, uraia ndiyo njia yenyewe. Kosa dogo kama langu, na limepita miaka mitano, wakili haoni kama litanizuia. Lakini Tanzania mtu mzima akichukua uraia mwingine anaupoteza wa kwetu, na asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi. Baba aliniachia minazi Bweni, arobaini na sita, nilihesabu naye nikiwa darasa la nne, yeye anapiga alama ya chokaa mimi nataja namba. Kwa ajili ya minazi hiyo nimekaa miaka minne bila kujaza fomu. Juzi nikamwambia dada. Akasema andika shamba jina langu, halafu uje. Hakufikiria hata dakika. Nimejaza fomu usiku ule ule kwenye kituo cha malori, lakini itachukua miezi, na mama sijui ana miezi mingapi.

Kwa hiyo anaenda mke wangu na binti mdogo, wiki tano. Kadi ya mke haina doa. Nimempigia mahesabu ya siku mara tatu, na nimemfundisha hiyo fomu ya kutosaini mpaka ameniomba ninyamaze. Wanaondoka Jumanne kupitia Doha. Mama sijamweleza kwamba mimi siji. Dada atamwambia akiwa ameshamshika mtoto.

Nimemnunulia mama fremu ya kutembelea, ya alumini, inakunjika, ina magurudumu mbele. Kuna aliyewahi kusafirisha? Wanaihesabu kama begi?

Mzee_Kilosa

Marahaba dada wa Houston, nimejifunza, nafuta nilichosema juu.

Mkuu, fremu nilimpelekea marehemu shangazi. Mimi hawakunitoza, vifaa vya mgonjwa mara nyingi wanavipokea nje ya mabegi, ila shemeji apige simu kabla ya Jumanne aandikiwe kwenye tiketi. Aifunge kwa khanga isikwaruzike, na ile mipira ya miguuni aitoe aiweke kwenye begi la mkononi. Yangu ilifika Dar mipira miwili haipo, nikazunguka Kariakoo siku nzima kutafuta.